Bai ya Shumba

Kama kuna mtu aliyewahi kuharibu mashindano ya mpira kwa sababu ya kujua Kiingereza, mtu huyo ni mimi. Nasema mapema ili msomaji asihangaike kumtafuta mwenye makosa.

Nilikuwa mwalimu wa skuli huko Wingwi, kijana wa miaka ishirini na mbili, nimerudi kutoka mafunzoni Unguja na firimbi shingoni, soksi ndefu nyeupe za kufika magotini, na kijitabu chembamba cha Kiingereza kinachoeleza namna ya kuendesha mashindano ya michezo. Firimbi ilikuwa nzuri. Soksi hazikuwa na mpira wa kushikia, kila hatua kumi zinateremka, nami nainama kuzipandisha. Kijitabu nilikisoma mpaka ukurasa wa kumi na saba. Wa kumi na nane na wa kumi na tisa zilikuwa zimegandana kwa halua ya Wete, niliyokuwa nikila huku nasoma siku ya kurudi. Nikaziruka, nikaendelea na wa ishirini, na hapo usingizi ukanishika. Hata hivyo nilikibeba kila mahali, mpaka siku moja imamu akaniuliza nimefika juzuu ya ngapi.

Nilikuwa na kaka yangu mmoja, baba mmoja mama mmoja, aliyekuwa akiishi Shumba, kwao mama. Alikuwa mvuvi, na alinipita kwa miaka kumi na mbili. Ndiye aliyenipakia kwenye mtaimbo wa baskeli kunipeleka skuli miaka yote ile, mvua na jua, na kila nilipotaka kulala njiani alinipiga kichwa kwa kidevu. Alikuwa golkipa wa Shumba tangu mimi sijui kusoma. Sasa goti lake la kulia lilikuwa linavimba kila akiruka, na alikwisha sema mbele ya wenzake kwamba huo ndio mwaka wake wa mwisho.

Alikuwa na haja moja tu katika mpira, na haja yenyewe haikuwa kombe. Alitaka kudaka kwenye goli lenye wavu.

Vijiji vyetu vya kaskazini goli lilikuwa miti miwili ya mkandaa iliyochimbiwa ardhini na wa tatu umefungwa juu kwa kamba. Nyuma ya goli hakuna kitu, ni muhogo wa watu. Ukifungwa, mpira unakwenda zake, na anayeufuata ni golkipa mwenyewe. Kaka yangu alikuwa ameifuata kwenye muhogo mipira ya miaka kumi na tano, huku nyuma watu wanashangilia na mwenye shamba anamtukana. Halafu mwaka mmoja alimpeleka jirani yake hospitali ya Chake Chake, wakapita ubavuni mwa uwanja, akauona wavu umetundikwa nyuma ya goli, mweupe. Tangu siku hiyo ikawa ndiyo hadithi yake. Nilimwambia, kwa ujuaji wangu, kwamba yeye ana nyavu nyumbani, si autundike mmoja? Alinitazama kama niliyetukana.

"Wavu wa riziki niutundike upigwe mateke? Weye huko Unguja walikusomesha nini?"

Basi mwaka huo Bwana Mudiri, mkuu wa serikali kwetu, akatoa kombe. Timu saba zikajiandikisha, Chake Chake wenyewe wakiwemo, na kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa na kijitabu, nikachaguliwa katibu. Hakuna aliyeshindana nami. Sharti la Bwana Mudiri lilikuwa moja, kwamba nusu fainali mbili na fainali yenyewe zichezwe Chake Chake, kwenye uwanja wenye nyavu. Kaka yangu alipolisikia alikuja kwa baskeli kutoka Shumba mpaka Wingwi kuniuliza kama ni kweli. Nikamwambia ni kweli. Akageuza baskeli, akarudi, hata maji hakunywa.

Mkutano wa kupanga mashindano tuliufanya darasani. Wajumbe wa timu saba, watu wazima wenye ndevu, walikaa kwenye madawati ya watoto wa darasa la pili, magoti yamefika kidevuni, nami nimesimama ubaoni na chaki. Sijapata kuwa na furaha kama ile tena maishani, na mimi nimeoa mara mbili.

Wote walitaka ligi. Nieleze kwa nini. Kwetu mpira ulikuwa ni ziara yenye mpira ndani yake. Timu ikija kijijini kwenu inapikiwa, inakula, inasali, kisha ndiyo inacheza. Na waliokula kwenu lazima nanyi mwende mkale kwao, la sivyo ni aibu. Kwa hiyo ligi, ambayo kila mtu anakutana na kila mtu, waliielewa mara moja. Mtoano hawakuuelewa hata kidogo. Mzee aliyekuwa mkuu wa timu ya Shumba alinyanyua mkono kama mwanafunzi.

"Mwalimu, nieleze. Ntu anakuja kwangu, nampikia, nacheza naye, namfunga. Kisha haji tena?"

"Haji tena, Mzee. Ametolewa."

"Ametolewa na nani? Miye niliyempikia?"

Watu wakacheka, nami nikachukia. Nikageukia ubaoni nikawafanyia hesabu. Timu saba kwa ligi ni mechi ishirini na moja. Mpira wa ngozi tunao mmoja tu, kwa hiyo hatuwezi kucheza zaidi ya mara mbili kwa wiki. Ramadhani imebaki wiki sita. Ishirini na moja haziingii. Mtoano ni mechi sita tu. Nikapiga mstari mrefu chini ya sita, chaki ikakatika, kipande kikamwangukia mjumbe mmoja kwenye kofia. Hesabu ilikuwa sahihi, hapo sijitetei wala sijilaumu. Wakakubali kwa shingo upande.

Kaka yangu alikuwa amekaa nje barazani, akisikiliza dirishani. Tulipotoka akanivuta pembeni.

"Mwalimu," alikuwa akiniita hivyo, nusu kwa heshima nusu kwa mzaha, "hawa wanofungwa mwanzo, wapange nao wacheze wao kwa wao. Wapate na kikombe chao, hata cha bati. Ntu asitembee toka kwao akapigwa mara moja akakaa kitako."

Nilipiga hesabu kichwani. Wanaofungwa mzunguko wa kwanza ni watatu, wakicheza wao kwa wao ni mechi tatu zaidi. Jumla tisa, na wiki sita zina nafasi ya kumi na mbili. Ziliingia bila taabu. Lakini sikuiona kwenye kijitabu, na mimi sikuwa mtu wa kufundishwa mashindano na mvuvi.

"Kaka, hiyo haimo. Huo si mtoano wala si ligi. Watu watatucheka."

"Nani atatucheka?"

Nikainama nikapandisha soksi.

Kura tuliipiga kesho yake, kwa vikaratasi ndani ya kofia yangu. Timu saba hazigawanyiki kwa mbili, kwa hiyo timu moja lazima ipite moja kwa moja mpaka nusu fainali bila kucheza. Kijitabu kilikuwa na neno la jambo hilo, neno fupi la Kiingereza, nami sikulitafutia Kiswahili kwa sababu kulitamka peke yake kulinipendeza. Kikaratasi kilichobaki cha mwisho ndani ya kofia kilikuwa cha Shumba. Nikawapeleka wanafunzi wawili waandike matokeo kwenye ubao na ubao ukae barazani pa duka la Mhindi, watu wakipita wasome. Chini kabisa paliandikwa, kwa hati nzuri: SHUMBA – BAI.

Asubuhi ya pili, kabla sijamaliza kunywa chai, mlango wangu ulijaa watu wa Shumba. Walikuja kwa miguu, sita, yule Mzee mbele. Salamu zilikuwa kavu.

"Mwalimu, hino bai yako ndiyo ile wanayopungiwa wazungu wa gari?"

Sikuelewa. Akanyanyua mkono, akaupunga mbele ya pua yangu kama watoto wanavyofanya gari ya serikali ikipita, "Baibai! Baibai!"

"Sie hata uwanja hatujaukanyaga," akasema, "weye ushatuaga? Tumekukosa nini? Mamaako si kwetu?"

Nilicheka, jambo ambalo halikusaidia. Nikawaeleza kwamba bai hii si ile bai, kwamba maana yake wamepita.

"Tumeshinda?"

"Mmepita, Mzee."

"Tumemshinda nani?"

"Hamna mliyemshinda."

Wakatazamana. Mmoja wao akauliza, kwa upole, kama anayezungumza na mgonjwa, iwapo akirudi Shumba awaambie watu kwamba wamemshinda hamna. Mwishowe nikasema maneno ambayo ningepaswa kuyasema tangu mwanzo. Nikawaambia, "Mnakwenda kucheza Chake moja kwa moja, kwenye wavu." Hapo ndipo walipofahamu. Yule Mzee akanishika mkono kwa mikono miwili, wakaondoka wakiimba, na nyimbo zao nilizisikia mpaka walipopinda njia ya mashambani.

Nyimbo hizo ndizo zilizoniponza. Sio mimi tu niliyezisikia.

Lazima nikumbushe siku zile zilikuwaje. Siasa ilikuwa imeingia. Watu waliokuwa wakikopeshana jembe walikwisha anza kugomeana, huyu hanunui duka la yule, yule haendi kwenye maziko ya huyu. Neno "upendeleo" lilikuwa likimwangusha mtu kama homa. Alasiri ile ile wakaja watu wa timu iliyopangiwa kukutana na Chake Chake kwenye mzunguko wa kwanza. Kijiji chao sikitaji, wajukuu zao wapo na ni wengi. Walikuja kwa baskeli na hawakushuka. Mguu mmoja chini, mmoja kwenye pedali.

"Mwalimu, tumesikia ndugu zako washafika Chake na mpira haujapulizwa. Kofia ilikuwa ya nani, ile ya kura?"

"Yangu."

"Ahaa," wakasema wote.

Wangenitukana ningejibu. Ile "ahaa" ilikaa na mimi mpaka magharibi, ikanila. Kura ilikuwa halali, wajumbe saba waliiona, na mtu mwenye akili angesema hivyo akalala. Mimi nilikuwa na jina la kulinda. Jina lenyewe lilikuwa na umri wa miezi minne.

Baada ya sala nikaenda dukani kwa Mhindi, nikaomba kitambaa, nikaufuta ubao. Sikuita wajumbe, sikupiga kura tena. Nilichukua chaki nikabadilisha kwa mkono wangu. Wale wenye baskeli nikawapa bai. Shumba nikaipanga na Chake Chake, timu ambayo ilikuwa haijafungwa na mtu wa kaskazini tangu mimi nizaliwe. Na mechi ichezwe Wingwi. Mhindi alikuwa akifunga milango ya duka, akasimama akasoma.

"Mwalimu, huyu si kaka yako anayedaka Shumba?"

"Ndiye."

"Umegombana naye?"

Nikamwambia hii ndiyo haki, na kwamba haki haina kaka. Nilisimama wima nilipolisema, nakumbuka, na nilijiona kama mtu anayepigwa picha. Mhindi akasema, "Haya," akaendelea kufunga duka lake.

Nilidhani kaka yangu atakuja kwa hasira. Alikuja, lakini kuleta samaki, kama desturi yake ya kila wiki. Aliuona ubao njiani. Akanikabidhi samaki, akakaa, akalikanda goti lake kwa muda.

"Basi tutawafunga," akasema. "Tukiwafunga, Chake ni pale pale."

Nikamwuliza habari za watoto.

Siku ya mechi ikatokea shida ya refa. Aliyekuwa achezeshe alishikwa na homa, na firimbi Pemba ya kaskazini nzima ilikuwa moja, yangu. Nikasema haiwezekani, ndugu yangu yumo. Nahodha wa Chake Chake akacheka akasema, "Huyu keshamtosa nduguye baharini mchana kweupe. Tutapata wapi refa mwema kuliko huyu? Achezeshe." Watu wakapiga makofi. Na mimi, mnajua, nilifurahi. Makofi yale niliyapokea kwa kuinamisha kichwa kidogo.

Shumba walicheza siku ile kama watu waliofichwa uwezo wao na Mungu mpaka saa hiyo. Na kaka yangu alidaka. Alidaka juu, alidaka chini, aliangukia goti lile lile mara tatu na kila mara akanyanyuka kwa kushika mti wa goli. Kipindi cha pili kikaenda, jua likawa la njano, hamna aliyefunga. Kwa kanuni zangu, wakitoka sare wangerudiana, na kurudiana kungechezwa kwa wageni, yaani Chake. Kaka yangu alilijua hilo. Alikuwa akiniuliza kila mpira ukitoka, "Bado ngapi, Mwalimu?" nami kwa ukali wa kirefa nilikuwa simjibu.

Zilibaki dakika nne. Mshambuliaji wao wa kushoto akapata mpira pembeni, akapiga chini chini. Na mimi, katibu na refa, mwenye kijitabu, wakati huo nilikuwa nimeinama napandisha soksi.

Niliponyanyua kichwa mpira uko kwenye muhogo. Nusu ya uwanja inashangilia, nusu inapiga kelele kwamba umepita nje ya mti. Kaka yangu yuko chini, mkono mmoja kwenye mti wa goli. Wote wakanikimbilia mimi. Mwenye kiapo ameapa, mwenye fimbo ameinyanyua, wa Chake wananivuta kulia, wa Shumba kushoto. Hakukuwa na wavu wa kusema mpira umekwenda wapi. Mimi sikuona kitu isipokuwa soksi yangu.

Nikasukuma watu, nikaenda mpaka golini. Nilikuwa nimeazimia, nataka mniamini hapa, kwamba atakalosema ndilo nitakalopuliza. Nikamwuliza mbele ya watu wote.

"Golkipa, umeingia?"

Alikuwa akihema. Alitazama mti wa goli, akatazama mchangani karibu na mkono wake, halafu akanitazama mimi. Akitikisa kichwa tu, basi yuko Chake, mbele ya wavu.

"Umeingia, Mwalimu," akasema. Kisha akanyanyuka, akachechemea, akaenda kuufuata mpira kwenye muhogo.

Nikapuliza. Moja bila. Shumba hawakumsemesha wiki nzima, na yule Mzee aliniambia mimi maneno ambayo nilistahili. Kaka yangu akaendelea kuniletea samaki.

Fainali ilikuwa Ijumaa ya mwisho kabla ya Ramadhani. Nilikwenda Chake kwa gari ya abiria tangu asubuhi, na kaka yangu pamoja nami, kama mtazamaji, amevaa kanzu. Njia mbovu, gari inaruka, na mimi nikaona niangalie kijitabu, sheria ya muda wa nyongeza inasemaje. Nilikishika kwa nguvu, gari ikaingia shimoni, na ile halua ya miezi mitano ikaachia. Kurasa za kumi na nane na kumi na tisa zikafunguka mbele yangu kwa mara ya kwanza.

Ulikuwa mpango mzima, umechorwa kwa mistari. Timu zinazofungwa mzunguko wa kwanza zinakutana zenyewe kwa zenyewe, na zina kikombe chao. Ilipendekezwa mechi yao ya mwisho ichezwe siku ya fainali, kwenye uwanja huo huo, kabla ya fainali yenyewe. Nilisoma mara mbili. Nilifunga kijitabu nikakitia mfukoni. Kaka yangu alikuwa ubavuni pangu, bega kwa bega, akitazama nje.

"Umeiona sheria yako?" akaniuliza.

"Nimeiona," nikasema. Hilo tu ndilo nililosema, na sikumwambia siku ile wala siku nyingine. Mwaka uliofuata vijiji vyetu havikuweza kuchangia kisima, sembuse mpira, na mashindano hayakuwepo. Miaka mitatu baadaye kaka yangu alifariki kwa maradhi ya siku chache. Nimeona haya maisha yangu yote kwa mambo mengi ya kipuuzi. Kwa hili ninaona haya ya kweli.

Tulipofika uwanjani wachezaji walikuwa bado hawajaingia. Kaka yangu hakunisubiri. Alivuka nyasi kwa lile goti lake, kanzu ameikunja mkononi, akaenda nyuma ya goli. Nikamfuata. Alikuwa ameutia vidole vyake kwenye matundu ya wavu, anavuta fundo moja baada ya jingine, anakagua kama yuko pwani kwake.

"Fundo zake kafunga ntu asojua kuvua," akasema. "Hata samaki changu huukata."

Nikacheka, nikadhani mzaha umekwisha. Yeye hakuutoa mkono. Alisimama pale mpaka timu zikaanza kuingia na refa, wa kweli, mtu wa Chake, akampungia aondoke.

"Lakini hapa," akasema, "golkipa haulizwi kitu."

Akauachia wavu, akaenda kukaa majanini na watazamaji wengine, nami nikaenda kwenye meza ya katibu.